Chuo sikumaliza, lakini viraka hivi nimevimaliza

Kuna gunia limekaa nyuma ya cherehani ya mama tangu nipate akili. Ni gunia la kawaida la mahindi, mdomo wazi, limeegemea ukuta. Mama ni fundi, anashonea kwenye baraza hapa Malindi. Kila akikata dira, gauni la kitenge au sare ya shule, kinachobaki anakirusha nyuma bila hata kugeuka, na kinaangukia ndani. Likijaa, vingine vinawashia jiko la makaa, vingine vinajaza mito, na vingine watoto wa mtaa wanavichukua kufungia mpira.

Gunia hilo nimelilalia nikiwa mdogo, mama akikanyaga cherehani usiku kuwahi oda za Idi na Krismasi. Lakini sikuwahi kulimwaga chini nikaangalia kilichomo, mpaka mwaka niliorudi nyumbani kutoka chuo bila cheti.

Stori ya chuo ni fupi. Karo ilikwama, nikakosa mtihani mmoja, halafu wa pili, halafu nikaacha kupokea simu. Nilirudi Malindi na begi moja na laptopu iliyokufa betri. Mtaani ukirudi hivyo kila mtu anakuuliza, "Unafungua lini?" Unajibu "bado kidogo" mpaka wanachoka kuuliza. Mama hakuuliza kitu. Alinionyesha gunia tu, akasema, "Hilo limejaa. Lichambue, ya kuchoma weka kando."

Nikalimwaga sakafuni. Mazee, sikuchoma hata kimoja.

Kiraka na aibu yake

Kwanza niseme ukweli mmoja. Sisi watu wa huku kiraka tunakijua kama kitu cha kuficha. Mimi darasa la nne nilikuwa na kaptula ya kijani yenye viraka viwili nyuma, kimoja kila upande. Wenzangu waliviita televisheni. Ukisimama kujibu swali, darasa zima linauliza leo kuna picha gani. Fundi ni mama yangu mwenyewe, na bado nikavaa viraka, kwa sababu kitambaa cha wateja si chetu na cha kwetu hakukuwa.

Kwa hivyo nilipoona kwenye simu picha ya blanketi limeshonwa kwa vipande vidogo vidogo, limetundikwa ukutani kwenye jumba la makumbusho Marekani, nilicheka. Halafu nikasoma.

Blanketi lile lilitoka sehemu inayoitwa Gee's Bend, jimbo la Alabama. Ni kijiji cha watu weusi kwenye kona ya mto, wajukuu wa watumwa waliokuwa wakilima pamba ya watu wengine. Wanawake wa pale walishona mablanketi kwa nguo za kazi zilizokwisha: magoti ya suruali za jinzi, mashati yaliyopauka, magunia ya unga. Hawakushona kwa ajili ya ukuta. Walishona kwa sababu nyumba zilikuwa na mianya na baridi ilikuwa inaingia. Mwaka 2002 mablanketi yao yakaonyeshwa kwenye jumba la sanaa la Houston, mwaka huohuo yakafika Whitney kule New York, na 2006 posta ya Marekani ikayaweka kwenye stempu.

Nikaangalia vipande vyangu pale sakafuni. Pamba ile walilima wao, viraka vile walishona wao, na vyote vilikuwa vya dhiki. Tofauti na televisheni zangu ilikuwa nini? Nadhani ni hii tu: wao hawakuvificha.

Kwani sisi tuliiga wapi? Hatukuiga

Usije ukafikiri hii ni mambo ya Wazungu. Leso yenyewe, hiyo ambayo mama yako amejifunga saa hii, mwanzo wake ni kuunganisha vipande.

Neno "leso" limetoka kwa Wareno, kwa neno lao la kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19, wanawake wa Pwani na Zanzibar walichoka na vitambaa vya rangi moja. Vitambaa vya mkononi vyenye maua vilikuwa vikija vimeshikana kwenye jora, bado havijakatwa kimoja kimoja. Wao wakawa wananunua sita, wanakata katikati kupata mistari miwili ya vitambaa vitatu vitatu, kisha wanashona mstari mmoja chini ya mwingine. Vitambaa sita vya kufutia jasho vikawa vazi moja. Wenye maduka walipoona wanawake wamebuni mtindo, ndipo wakaanza kuagiza nguo nzima iliyochapwa tayari. Mombasa unajua lile jina la "Mali ya Abdulla" pembeni ya leso? Ni alama ya Kaderdina Hajee Essak, ambaye biashara yake ilianza 1887.

Kwa hivyo kabla ya pindo, mji na jina, kulikuwa na mtu na sindano, anaunganisha vipande.

Na si leso peke yake. Mkeka je? Hausukwi mzima kama jamvi la plastiki. Unasukwa ukili mrefu mwembamba, kisha ukili unashonwa ubavu kwa ubavu mpaka unapata upana wa kulalia. Ukikaa kwenye mkeka umekaa juu ya vipande vilivyoshikana.

Tena kuna ndugu zetu ambao hatuwataji sana. Kule India, jimbo la Karnataka, wanaishi watu wanaoitwa Wasiddi. Asili yao ni Afrika. Wengi wao wazee wao walipelekwa Goa na Wareno kama watumwa, wakavuka bahari hii hii tunayoogelea Silversands. Wanawake wao wanashona mablanketi ya vipande yanayoitwa kawandi. Wanaanzia pembeni, wanazunguka wakielekea katikati, vipande vikipandana, kwa mkono mtupu bila cherehani. Wakimaliza, kila kona wanaweka vipande vidogo vya pembe tatu vilivyokunjwa, wanaviita maua. Kwao blanketi bila maua ya kona linahesabiwa liko uchi.

Nilipojua hilo nilikaa kimya kidogo. Mtu amechukuliwa, amepoteza lugha, amepoteza jina, na bado wajukuu wake wanakataa kuacha blanketi uchi.

Jaribio la kwanza: chapati ya mwanafunzi

Sasa turudi sakafuni Malindi. Niliamua kushona bloku. Bloku ni kama zile za ujenzi: unatengeneza nyingi zinazolingana, kisha unazipanga kuwa ukuta. Ile rahisi kuliko zote ni ya vipande tisa, vitatu kwa vitatu, kama ubao wa mchezo wa sufuri na msalaba.

Nikakata kwa macho. Si nina macho? Nikashona kwa ile cherehani ya kukanyaga, mstari ukipinda kama barabara ya Marafa. Nilipomaliza nikampelekea mama. Akaigeuza, akaiweka mezani. Kona moja ilikuwa imenyanyuka na katikati kumevimba.

"Hiki ni kiraka," akauliza, "ama ni chapati ya mwanafunzi?"

Wateja wawili walikuwepo. Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta.

Halafu mama akanipa kisu cha kufumulia. Hakunipa somo, alinipa kisu. Nikafumua mishono yote 8 niliyoshona, nikaanza upya. Hapo ndipo nilielewa kwamba kushona ni hesabu, na hesabu ndiyo nilikuwa naikimbia chuoni.

Hesabu yenyewe, polepole

Shika kalamu, hii itakufaa.

Kata kila kipande inchi 3 na nusu kila upande. Usikate kwa macho. Chukua kadibodi ngumu ya boksi, pima kwa rula, ikate sawasawa, hiyo ndiyo kipimo chako. Iweke juu ya kitambaa, pitisha chaki, kata.

Ukishona, acha robo inchi kutoka ukingoni. Kila upande unakula robo, kwa hivyo kipande cha inchi 3 na nusu kinabaki inchi 3 kamili. Vitatu kwa vitatu vinakupa bloku ya inchi 9 ikiwa imeshaunganishwa na wenzake.

Sasa angalia kosa dogo linavyofanya kazi. Tuseme badala ya robo inchi umeachia zaidi kidogo, nusu ya robo tu. Hakuna mtu atakayeona. Lakini kila mshono unakula pande mbili, na mstari mmoja wa bloku una mishono miwili. Tayari umepoteza nusu inchi. Ukiweka bloku sita kwenye mstari, umepoteza inchi 3 na zaidi, na mstari huo hautakutana na wa jirani yake hata ukiuvuta kwa trekta. Chapati yangu ilitokea hivyo. Baadhi ya mishono ilikula kidogo, mingine ikala sana.

Dawa yake ni ndogo. Kwenye bati la cherehani, pima robo inchi kutoka sindano inaposhukia, bandika kipande cha plasta. Ukingo wa kitambaa utembee ukigusa plasta hiyo. Usiangalie sindano, angalia plasta.

Jambo la pili ni pasi. Kila ukimaliza mshono, piga pasi. Mstari wa kwanza na wa tatu, laza mishono kuelekea nje. Mstari wa pili, laza kuelekea ndani. Mistari ikikutana, mishono inakaliana kama vidole vya mikono miwili, na kona zinalingana zenyewe. Mimi nilikuwa naruka pasi kwa sababu ya bili ya stima. Mama akaniambia tumia ya makaa, na majivu upulizie nje.

Si kila kilichomo kwenye gunia ni ndugu

Kuchambua ndiyo kazi kubwa kuliko kushona. Vitambaa vina tabia, kama watu wa nyumba moja.

Pamba iende na pamba. Leso, kitenge cha pamba, shuka za zamani, mashati ya mitumba ya pamba, kikoi: hao wanaelewana. Kitambaa kinachovutika, kama cha fulana, kiweke kando, kitakupinda bloku nzima. Cha kung'aa na cha kuteleza pia kando.

Hujui kama ni pamba? Kata uzi mdogo, toka nje, uwashe moto ukiushika kwa koleo. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inabakisha majivu laini. Polista inajikunja, inanuka plastiki, inabakisha punje ngumu nyeusi. Punje hiyo ni plastiki kweli. Ndiyo maana nilikasirika nilipokumbuka ni vingapi tumewashia jiko la kupikia, moshi wote tukavuta sisi.

Osha kabla ya kukata. Vitenge vyekundu na vya buluu iliyokolea vinatoa rangi kwenye maji ya kwanza. Ukishona kabla ya kuosha, siku ya kufua nyeupe yako itageuka waridi na utajuta.

Fuata uzi wa kitambaa unapokata. Vuta kipande kwa urefu wake, hakivutiki. Kivute mshazari, kinavutika. Ukikata mshazari, kipande kitabadilika umbo kabla hata hujakifikisha kwenye sindano.

Na vile vyembamba virefu, ambavyo huwa vingi kwa fundi wa madira? Usivitupe. Anza na kipande kimoja kidogo katikati, shona kamba moja ubavuni, geuza, shona nyingine, endelea kuzunguka mpaka ifike inchi 9 na nusu. Mwisho punguza kwa mkasi. Vile vidogo kabisa, vya ukubwa wa sanduku la kiberiti, vishonee juu ya kitambaa cha zamani mpaka usikione tena.

Kuhusu tabaka la katikati: Ulaya wanaweka pamba nene. Hapa kwetu utachemka. Mimi katikati nimeweka shuka iliyochoka, chini leso mbili za zamani zilizounganishwa. Kipupwe cha Juni na Julai, upepo wa kusi ukivuma usiku, linatosha kabisa.

Wiki tisa na duka moja

Nilipiga hesabu ya blanketi la mama: bloku 6 kwa upana, 8 kwa urefu. Hiyo ni bloku 48, inchi 54 kwa 72 kabla ya kuweka pindo. Vipande 432.

Mia nne thelathini na mbili. Nilipoandika hiyo namba nusura niache. Mimi ni mtu wa kuacha, nilikuwa najijua. Lakini kipande ni kitu kidogo sana kukiacha. Hakuna mtu anayeshindwa kushona vipande viwili. Kwa hivyo nilikuwa najiambia leo bloku moja tu, halafu nilale. Siku nyingine nilishona nne. Siku nyingine hakuna, nimeenda kubeba mizigo sokoni kutafuta doo. Maskani wakaniita fundi wa matambara. Sawa. Wiki ya tisa bloku zikawa 48.

Katikati ya safari nilitamani pesa, nikashona foronya nne za mito ya kochi, za rangi za bahari. Nikazipeleka kwa duka moja la vitu vya watalii, ambalo sitalitaja. Wakazipenda, wakaniambia, "Acha hapa, zikiuzwa tutakutumia." Nilipopita mwezi uliofuata hazikuwa kwenye rafu. Pesa nayo haikuwa kwenye simu. Kila nikiuliza, mwenye duka hayupo.

Nimejifunza hivi: andikianeni, hata kwenye kikaratasi. Hesabu ya vitu, bei, tarehe, sahihi. Na hesabu saa zako. Foronya moja ilinichukua karibu saa 7 kuanzia kuchambua. Watu husema kitambaa si cha bure, kwa nini unauza ghali? Kitambaa ni cha bure kweli. Saa 7 si za bure.

Nilifarijika na jambo moja. Mwaka 2019 jahazi liitwalo Flipflopi lilitia nanga Watamu na Kilifi, likitoka Lamu kwenda Zanzibar. Lilijengwa Lamu kwa taka za plastiki, na ngozi yake yote ya nje ni vipande vya ndara zilizookotwa ufukweni, ndara kama elfu 30, kila rangi. Ukiziangalia picha zake utaona ni blanketi la viraka linaloelea. Mafundi wa jahazi wa Lamu, watu waliozoea mbao, walikubali kujifunza upya namna ya kushika takataka. Nikasema kama ndara za kuokotwa zimefika Zanzibar, mito yangu minne itafika mahali.

Sanduku la Hawe

Sasa nifike kwa kile kilichonifanya niandike.

Mwaka uliopita Hawe alitutoka. Hawe ni bibi yetu, mamake mama, kule Marafa karibu na korongo la Nyari. Ndiye wa mwisho kwetu niliyemwona amevaa hando kila siku, ile sketi nyeupe yenye mikunjo mingi ya kina mama Wagiriama, na leso juu. Hanga lilipokwisha, sanduku lake likafunguliwa. Hakuacha shamba la kugombania. Aliacha leso tisa.

Wajukuu tuko 14.

Utacheka, lakini watu hawakucheka. Mama mkubwa alisema leso ziende kwa wajukuu wa kike. Mjomba akasema hapana, wanawe wa kiume ndio waliomjengea. Mmoja akataka ile nyekundu kwa sababu alibebwa nayo mgongoni. Mwingine akasema hata yeye alibebwa na hiyohiyo. Sauti zikapanda. Nusu ya leso zenyewe zilikuwa zimechakaa, zimetoboka mahali fundo hukaa, lakini hilo halikumzuia mtu.

Mimi nikafungua mdomo. Nikasema zinaweza kukatwa.

Mama aliniangalia vile hajawahi kuniangalia, hata siku nilipomwambia chuo kimekwisha. "Leso ya mama yangu," akasema, "haiguswi na mkasi." Sanduku likafungwa. Tukarudi Malindi ndani ya matatu moja, hakuna aliyeongea mpaka tunashuka.

Wakati huo blanketi la mama lilikuwa limebaki pindo tu. Nililimaliza kimyakimya. Jumapili moja nikalitandika kitandani kwake akiwa kanisani.

Aliporudi hakusema asante. Alikaa ukingoni, akaanza kulisoma kwa kidole, bloku moja baada ya nyingine. "Hili ni gauni la yule bibi harusi wa Barani. Hii sare ya nasari. Hii dira ya jirani, bado hajanilipa." Nilidhani anacheza. Kumbe anakumbuka vyote. Alipofika kona ya chini akasimama. Palikuwa na kipande cha kijani.

"Hii ni kaptula yako," akasema.

Sikuwa nimejua. Nilikitoa kwenye gunia kama vingine, nikakata, nikashona. Aliniambia siku alipotia zile viraka mbili alilia, kwa sababu mtoto wa fundi hafai kuvaa hivyo. Alijua walivyoniita. Miaka yote hiyo nilidhani hajui.

Tulikaa hapo kidogo. Kisha akasema, "Mpigie mama yako mkubwa."

Tisa kwa kumi na nne

Hesabu ilijileta yenyewe. Bloku moja ina vipande tisa. Leso ni tisa. Kila mjukuu atapata bloku moja yenye kipande cha kila leso. Vipande 14 kutoka kila leso, jumla 126. Hakuna atakayechukua ile nyekundu peke yake, na hakuna atakayeikosa.

Mama alitoa sharti moja. "Mtakata mji na pindo. Jina hamgusi." Maneno ya leso yakabaki mazima, yote tisa. Mama mwenyewe akayaunganisha, jina chini ya jina, likawa kama pazia refu la kusomeka. Hilo limekaa kwa mama mkubwa. La juu kabisa linasema Wema hauozi.

Siku ya kukata alikuja mama mkubwa, akaja na mjomba, ambaye alisema amepita tu. Mama akashika mkasi wake wa kazi, ule ambao hakuna anayeruhusiwa kukatia karatasi. Mkono wake ulitulia. Wa kwangu ndio uliotetemeka, na mimi nilikuwa nashika rula tu. Sehemu zilizotoboka tulizipita. Kwenye leso moja, ile ya zamani zaidi, tulipata vipande 13 vizima na cha 14 kikawa na kitundu cha ukubwa wa punje ya mchele. Nikakitia kiraka kwa nyuma. Bloku hiyo niliichukua mimi.

Nyingine zimeshaenda. Binamu mmoja kaishonea kwenye mto. Mwingine kaitia fremu, imetundikwa sebuleni Kilifi, upande wa Mnarani. Mdogo kuliko wote kaifunika mdoli wake, na hiyo naona ndiyo Hawe angeipenda zaidi.

Imebaki moja. Ni ya binamu yangu aliyeko Riyadh, anafanya kazi za nyumba, hakuweza kuja hangani. Nilimpigia picha nikamtumia. Nikamwambia kuna mtu wa Mtwapa anasafiri mwezi huu, nimpe amletee?

Ujumbe wake wa sauti ulikuja usiku, baada ya kazi. Alikuwa anaongea chinichini. Akataja vipande vile kimoja kimoja, kama mama alivyofanya: hii alikuwa akienda nayo kisimani, hii ya sokoni, hii ya kanisa. Kisha akasema, "Usiitume. Iweke. Mkataba ukiisha nitakuja kuichukua mwenyewe."

Basi iko hapa, imekunjwa kwenye droo ya cherehani, pamoja na chaki na kisu cha kufumulia.